Tathmini ya huduma ya kupanga vipaumbele vya fedha za hifadhi ya ardhi kijijini

Wawezeshaji waliokuja kijijini kwetu, wilayani Chamwino, walikuwa na kazi moja: kutusaidia kuamua fedha chache za hifadhi ya ardhi zianzie wapi, mashambani au malishoni. Nilishiriki siku zote tatu, nami naviandikia vijiji vinavyofikiria kuwaalika.

Siku ya kwanza ilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Badala ya kutuketisha chini ya mbuyu ili tutaje shida, walitupandisha hadi machungani, kisha tukashuka tukifuata njia ya maji hadi kwenye mashamba ya uwele na alizeti. Tulijionea kwamba korongo linalomeza mashamba huanzia juu, pale mifugo inapopita kila siku kwenda lamboni na kuiacha ardhi tupu, na kwamba mchanga unaolijaza lambo hilo hilo hutoka hapo hapo.

Kasoro ilijitokeza siku ya pili. Kura ya kokoto ilipigwa asubuhi, wafugaji wakiwa bado wananywesha, na bila shaka makingamaji ya mashambani, yaani matuta ya kuzuia maji yanayotiririka, yakashinda kwa mbali. Jioni mzee mmoja mfugaji aliuliza kwa uchungu kama tunataka kurudia ya Kondoa, ambako chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979: uoto ulirudi, lakini mzigo waliubeba wenye mifugo. Nawapongeza wawezeshaji kwa dhati, kwani hawakujitetea. Walirudia kura siku ya tatu jioni, na safari hii njia ya mifugo ilipata nafasi ya kwanza pamoja na kisiki hai malishoni, kazi isiyodai fedha nyingi kwa kuwa ni kuchagua machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa, kuyapogolea na kuyalinda hadi yawe miti tena. Makingamaji yakawa ya pili, na nadhani huo ndio mpangilio sahihi, kwa sababu tuta la chini halidumu iwapo maji ya juu hayajapunguzwa kasi.

Muhtasari waliotuachia, hata hivyo, una maneno ya kitaalamu mno. Tulilazimika kuuandika upya kabla ya kuupeleka Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Nawapendekeza, kwa sharti moja: kijiji chenyewe kipange saa ya kura, nayo iwe jioni, mifugo ikiwa imekwisha kurudi zizini.