Kadi ya kugusisha kwenye simu: nimekaa nayo miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Nisiwadanganye, nilinunua hii kadi kwa ushamba tu. Nilimuona jamaa kwenye semina anaigusisha kwenye simu za watu, jina lake linatokea lenyewe, watu wanashangaa, nikasema na mimi nataka kushangaliwa.

Kwa asiyeijua, ni kadi saizi ile ile ya kadi ya benki, ndani ina chipu ya NFC, yaani ya kupitisha taarifa kwa kusogezwa karibu tu. Haina betri wala haichajiwi, umeme inauchota kwenye simu yenyewe ikisogezwa karibu, na karibu kwelikweli, kama sentimita nne hivi au chini ya hapo. Simu inasoma linki, unafunguka ukurasa wenye jina lako na namba, mtu akibonya kusevu umeshaingia kwenye kontakti zake. Inavyosimuliwa ni tamu sana.

Mimi nikachukua ya chuma, nyeusi, nzito mkononi, kosa la kwanza hilo. Chuma kinazuia mawimbi kwa hiyo inasoma upande mmoja tu, ukigeuza vibaya unabaki unapapasa simu ya mtu kama unaifuta vumbi. Ya plastiki ya rafiki yangu inasoma pande zote.

Sasa niwape kisa kilichoniuma. Kulikuwa na mama mmoja mkuu wa manunuzi, mwaka mzima natafuta namna ya kuonana naye, siku hiyo nikamkuta amesimama peke yake. Nikamwamkia, akanipa mkono, na mimi mkono wa pili nina kadi tayari, nikamwambia "samahani mama, naomba simu yako mara moja." Jamani! Mtu hata jina langu halijui namuomba simu. Kwa ustaarabu wake akaitoa, akafungua loki, nikabandika kadi katikati ya mgongo wa simu, kimya. Nilikuwa nimefanyia mazoezi kwenye Android yangu ambayo antena yake iko hapo katikati, kumbe yake iPhone, na iPhone inasomea juu kule karibu na kamera. Nikahamisha juu, bado kimya, kumbe kava lake lina bamba la chuma. Akatoa kava, ikadondoka risiti na picha ya mtoto ya pasipoti saizi, wote wawili tukainama kuokota karibu tugongane vichwa. Ukurasa unakuja kufunguka ameshafika mtu mwingine kumsalimia, nami nikaagwa kwa "haya kijana, asante." Kijana, yaani jina sikulitaja kabisa.

Kuna utafiti wa 2006 wa Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu sura za wasiowajua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na hukumu walizotoa zikafanana sana na za waliotazama bila kubanwa na muda. Muda ukiongezwa, kinachopanda zaidi ni uhakika wa mtu na kile alichokwisha kukihukumu. Mimi yule mama nilimpa kama dakika nzima ya kutazama utosi wangu.

Toka siku hiyo kadi inakaa mfukoni mpaka mwisho. Nasalimia, nataja jina langu lote taratibu, naulizia shughuli zake na nasikiliza kweli, na mpaka mtu mwenyewe aseme "sasa nakupataje" ndo naitoa, na simu anaishika yeye mimi siigusi. Hapo inafanya kazi vizuri. iPhone kuanzia XS na XR za 2018 zinasoma bila apu yoyote ilimradi skrini iwe inawaka, za nyuma ya hapo ni tabu. Android nyingine NFC imezimwa kwenye setingi, na usithubutu kuanza kumfundisha mtu setingi mmesimama, mgeuzie nyuma ya kadi kwenye QR, ule mchoro wa miraba unaosomwa kwa kamera, yaishe. Ila hao wauzaji QR wameichapa dhahabu juu ya nyeusi, kamera zinahangaika kuisoma.

Na ukurasa wenyewe niliujaza kila kitu, linki kumi na mbili, na picha ya zamani nimevaa miwani ya jua, mtu akifungua anakutana na mtu mwingine kabisa. Nimebakisha jina, sentensi moja ya ninachofanya, namba na imeili. Sifa ninayoipa kwa moyo mmoja ni kwamba nilibadilisha namba ya simu kwenye ukurasa tu, kadi ikabaki ile ile. Lawama ni kwamba ukurasa unakaa kwa wauzaji, nilipochelewa kulipia wakauzima bila hata meseji, nimetoka kugusisha kadi kwenye simu za watu siku mbili nzima mfululizo. Kabla hujanunua uliza kama chipu inaruhusu kuandikwa upya uweke linki yako mwenyewe, wengine wanaifunga.

Yule mama nilikutana naye tena mwezi uliopita. Nikajitambulisha kwa jina, akanikazia macho, "si wewe wa kadi?" akacheka mpaka nikaona aibu, halafu akatoa simu akaandika namba yangu kwa kidole chake, tarakimu moja moja, namtajia.

Nyota tatu kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya QR.