EURAXESS: pa kuanzia kutafuta nafasi ya uzamivu Ulaya, si pa kuishia

EURAXESS ni tovuti ya Tume ya Ulaya ya kutangaza kazi na ufadhili wa utafiti. Kuitumia ni bure, na matangazo yanasomeka bila kufungua akaunti. Faida yake kubwa kuliko zote ni mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya unaofadhili vyuo vya nchi mbalimbali kufundisha watafiti kwa pamoja: nafasi zake ni lazima zitangazwe humo, kwa hiyo anayezitaka hazunguki chuo kwa chuo.

Kinachochosha ni utafutaji. Andika "PhD" peke yake uone: nafasi za uzamivu zinakuja zimechanganyika na kazi za watu waliokwisha kuhitimu, kwa kuwa neno hilo limo katika sifa zinazotakiwa. Anza na kichujio cha ngazi ya mtafiti. R1 ni wanaoanza, ambao hawajapata uzamivu. R2 wanao tayari ila hawajajitegemea kikamilifu. R3 na R4 ni wazoefu. Chagua R1, halafu fani, halafu nchi.

Ukifungua tangazo, ruka maelezo matamu ya mradi uende kwanza kwenye masharti, ambayo yako chini. Hapo ndipo maombi mengi mazuri hufia. Sharti la Marie Skłodowska-Curie linasema hivi: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi wala kufanya kazi au masomo yako makuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya chuo kinachokuajiri. Uraia hauhusiki kabisa. Aliyemaliza juzi tu uzamili wa miaka 2 Ufaransa hawezi kuchukua nafasi ya Ufaransa, hata awe na alama za juu namna gani, ila ya Ubelgiji katika mtandao uleule anaweza. Mwenye shahada ya uzamivu tayari hapokelewi.

Malipo nayo yanataka jicho la pili. Posho ya kujikimu inayotajwa kwenye nafasi hizo ni gharama ya mwajiri, yaani bado haijakatwa michango yake ya hifadhi ya jamii wala kodi yako. Kitakachoingia mfukoni ni pungufu sana. Kwa Ujerumani, TV-L ni jedwali la mishahara ya watumishi wa majimbo na E13 ni daraja lake mojawapo, kwa hiyo "TV-L E13, 65%" maana yake ni asilimia 65 ya mshahara wa daraja hilo. Usipange bajeti kwa kutazama mshahara mzima wa daraja.

Kutuma maombi kwa kawaida hufanyika kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Fuata kiungo mapema, maana mara nyingi huko ndiko utakapokuta fomu ndefu na viambatisho ambavyo tangazo halikuvitaja. Maelezo yakipishana, shika ya chuo. Tazama pia saa ya mwisho imeandikwa kwa majira ya wapi.

Tovuti hii haikusanyi kila nafasi. Kwa Uholanzi, AcademicTransfer inatafutika vizuri zaidi. Norwei wana Jobbnorge, Uingereza jobs.ac.uk. Na popote unapotafuta, jaribu maneno ya wenyeji: Ujerumani nafasi hizi huitwa "wissenschaftlicher Mitarbeiter", Uholanzi "promovendus", Norwei "stipendiat", Uswidi "doktorand". Ukiyaandika hayo, hujitokeza matangazo ambayo "PhD" haikuyaleta.