SSD ya Kompyuta ya Gemu: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Ibaki Dukani

Kompyuta nyingi za gemu zilizoko majumbani kwetu, iwe Dar es Salaam au Nairobi, zilianzia kazi ofisini ng'ambo. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba iliyopachikwa kadi ya michoro fupi kama GTX 1650, na ndani yake bado inazunguka diski ya zamani ya GB 500. Mashine ya namna hiyo ikipewa SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, Windows inawaka kwa sekunde badala ya dakika, na gemu za dunia pana zinaacha kukwamakwama kila ukikata kona. Kwa baadhi ya gemu hata hakuna mjadala: Starfield na Baldur's Gate 3 zinadai SSD kwenye mahitaji yake, na Cyberpunk 2077 ikafuata mkondo huo ilipotoa toleo la 2.0 mwaka 2023.

Kinachowapotosha wanunuzi ni namba kubwa kwenye boksi. SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, husoma kama MB 550 kwa sekunde; NVMe, ile mpya inayopita njia ya kasi ya PCIe, hufika 3,500 kwa toleo la 3.0, ya 4.0 hupita 7,000, na zile kali za 5.0 hupita 14,000. Kwa hesabu hiyo ungetarajia gemu ifunguke kufumba na kufumbua. Haiendi hivyo. Muda mwingi wa kupakia unaliwa na prosesa inayofumua mafaili yaliyobanwa, kwa hiyo kati ya SATA nzuri na NVMe ya bei mbaya tofauti katika gemu nyingi ni sekunde chache. DirectStorage ya Microsoft ililetwa kuondoa kikwazo hicho, Forspoken ikiwa gemu ya kwanza ya PC kuitumia Januari 2023, ila zilizofuata bado ni za kuhesabu. Pesa yako iende kwanza kwenye ukubwa na aina ya seli, yaani vyumba vidogo vinavyohifadhi data.

Fungua kasha kabla ya kufungua pochi

OptiPlex 7010 ya 2012, OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 hazina sloti ya M.2 (tundu la kijiti chembamba) ya SSD. Huko ni SATA ya inchi 2.5, basi. Kwenye 7010 kuna mtego mwingine: chipu yake ya Q77 ina matundu mawili tu ya SATA ya Gb 6 (gigabiti) kwa sekunde, mengine ni ya Gb 3, na SSD ikichomekwa kwenye hayo ya polepole inakabwa kwenye MB 280 hivi. Chomeka SSD kwenye tundu lililoandikwa SATA0, diski ya zamani ihamie kwingine. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa sababu waya wa SATA0 tayari una diski.

OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 zina sloti ya NVMe ya PCIe 3.0. Usiichanganye na sloti fupi ya kadi ya Wi-Fi iliyo jirani. Inafanana nayo, lakini SSD haiingii.

Kwa kompyuta ya kuunga mwenyewe, bodi ya B450 inaishia PCIe 3.0. B550 ina 4.0, lakini ukiiwekea Ryzen 5 5600G inashuka hadi 3.0, kwa kuwa prosesa yenyewe ndiyo haina. SSD ya 4.0 inafanya kazi kwenye sloti ya 3.0 bila shida, inapunguza mwendo tu. Soma pia kijitabu cha bodi: nyingi huzima matundu mawili ya SATA mara unapojaza sloti ya pili ya M.2, na hapo mtu hudhani diski yake ya zamani imekufa. Mwisho, si kila kijiti cha M.2 ni NVMe. Chenye mikato miwili kwenye meno mara nyingi ni SATA, na sloti inayokubali NVMe peke yake haitakiona kabisa.

Ukubwa: anzia TB 1, ambayo Windows itakuonyesha kama GB 931. EA Sports FC 25 inataka GB 100, Baldur's Gate 3 inataka 150. GB 500 ikishabeba Windows na kuachiwa nafasi kidogo ya kupumulia, unabaki na gemu mbili tatu kubwa.

1. NVMe ya TB 1 yenye seli za TLC, bila DRAM

Kama sloti ipo, nunua hii. TLC ni seli zinazobeba biti tatu kila moja. WD Black SN770, WD Blue SN580 na Lexar NM790 ziko kundi hili. Hazina DRAM yao ya kuhifadhi ramani ya data, ila NVMe ina ruhusa ya kuazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta, na kwa gemu hutaona pengo. Zile mbili za WD zina uvumilivu wa kuandikwa TB 600 kwa saizi ya TB 1, na waranti ya miaka 5. Ukiandika GB 50 kila siku, na ni wachache wanaofika huko, inakuchukua zaidi ya miaka 30 kuumaliza. Ukinunua SN770 au SN580 ya TB 2, sasisha faimweya yake (programu ya ndani ya SSD) kabla ya kuweka Windows 11 toleo la 24H2. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa zikiangusha mfumo kwa skrini ya bluu hadi WD ilipotoa marekebisho.

2. SATA ya TLC yenye DRAM

Kwa mwenye 7010 au 9020, hii ndiyo namba moja yake. Samsung 870 EVO na Crucial MX500 ndizo za kutafuta. Hapa DRAM ina uzito kwa sababu SATA haina njia ya kuazima RAM ya kompyuta. SSD za SATA za bei ya chini kabisa, mfano Kingston A400, zinatosha kwa Windows na kazi za shule, lakini ukisakinisha gemu ya GB 80 huku ukifanya jambo jingine utaona mshale wa kipanya ukiganda. Kuhusu Crucial, Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaifunga biashara hiyo ya wateja wa kawaida. Waranti zilisemwa zitaheshimiwa, lakini kilichobaki madukani ndicho hicho.

3. QLC, kama ghala la gemu

Crucial P3 Plus ni QLC, seli za biti nne kila moja. Kingston NV2 na NV3 ni bahati nasibu: mtengenezaji hajifungi kwa aina moja ya seli, kwa hiyo mbili zenye lebo ileile zinaweza kutofautiana ndani. QLC huandika haraka mpaka akiba yake ya muda ijae, kisha hudorora vibaya. Samsung wenyewe wanaandika kwamba 870 QVO ya TB 1, baada ya GB 42 za mwanzo, hushuka hadi MB 80 kwa sekunde.

Kwa anayepakua gemu kwa intaneti hilo halina athari. Intaneti ya nyumbani ya Mb 40 (megabiti) inaleta MB 5 kwa sekunde, na hata QLC iliyochoka inazimeza bila jasho. Shida ni kwetu tunaonakili gemu kutoka kwenye diski ya rafiki ili kuokoa bando: GB 300 kwa MB 80 ni saa nzima na zaidi, wakati TLC ya SATA, ikinakili kutoka SSD nyingine, ingemaliza ndani ya robo saa. Inunue QLC pale tu TB 2 yake inapokaribia bei ya TB 1 ya TLC. Ikiwa tofauti ya bei kati ya QLC na TLC za ukubwa uleule ni ndogo, achana nayo.

4. PCIe 4.0 yenye DRAM

Samsung 990 Pro, WD Black SN850X, Kingston KC3000. Ni diski safi sana, na kwa gemu peke yake unalipia usichokitumia. Zina maana ukihariri video za 4K kwenye mashine hiyohiyo. Ukiuziwa Samsung 980 Pro ya mtumba, tazama faimweya: 3B2QGXA7 ndiyo iliyokuwa ikizigeuza kuwa za kusoma tu.

5. PCIe 5.0

Inachemka, inataka bati kubwa la kupoza, na kwenye gemu haikupi kitu. Ongeza hiyo pesa kwenye kadi ya michoro.

Dukani

TB 4 kwa bei ya GB 500 ni bandia, hata muuzaji aape. Ndani ya baadhi ya makasha hayo kuna kipande kidogo cha flashi kilichochezewa kitangaze ukubwa usio wake. Mwambie tu, "Kaka, naomba tuichomeke hapa tuione." Fungua programu ya CrystalDiskInfo uangalie saa ilizowaka na jumla ya data iliyoandikwa, "mpya" yenye saa 900 si mpya. Nyumbani endesha programu ya H2testw hadi ijaze diski nzima, maana diski ya uongo hukwama au hurudisha data iliyoharibika ikivuka ukubwa wake wa kweli. Fanya hivyo kabla siku za kurudisha hazijaisha.

Kufunga

Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha. Kijiti cha M.2 kinaingia kikiwa kimeinamia juu kidogo, nyuzi 30 hivi, kisha unakilaza na kukaza skrubu. Skrubu na kiguzo chake mara nyingi havipo kwenye mashine za mtumba, kwa hiyo ziombe dukani. Kama bodi ina bati la kupoza, bandua nailoni kwenye utepe wake wa joto. Lebo ya SSD yenyewe usiibandue, waranti itaondoka nayo.

Kwenye Dell, ingia BIOS (mipangilio ya bodi) kwanza uone kama hifadhi imewekwa RAID On. Kisakinishi cha Windows kisipoiona NVMe, chanzo huwa hicho. Badilisha kuwa AHCI kisha sakinisha. Ukibadilisha wakati Windows tayari ipo ndani, haitawaka mpaka uiingize mara moja kwa Safe Mode.

Ukinakili diski nzima badala ya kusakinisha upya, kumbuka Windows iliyowekwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, kwa kawaida haiwaki kutoka NVMe. Amri ya mbr2gpt iliyo ndani ya Windows 10 na 11 huigeuza bila kufuta data, lakini hifadhi nakala kwanza, na usiianze wakati wa mgao wa umeme kama huna UPS. Kunakili kukiisha, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Windows ikikuta nakala zake mbili inaweza kuwakia ile ya zamani, na wewe ukakaa wiki nzima ukilaumu SSD isiyotumika.