Mazoezi ya Kina Mama, Tudor: Mazuri kwa Wenzao, Dhaifu kwa Karatasi Yake ya Chakula

Mwanamke wa Mombasa aliyefikisha miaka hamsini na ushei, akitaka kupunguza uzito, hana pengi pa kwenda. Zipo jimu za Nyali zenye vioo ukuta mzima na walimu vijana wanaohimiza kwa makelele, zipo dawa za miti shamba zinazouzwa kwa ahadi ya kukata tumbo kwa wiki moja, na siku hizi zipo sindano za semaglutide ambazo watu huzizungumza hata maulidini, ingawa ni dawa ya kuandikiwa na daktari wala si kitu cha kuagizana. Huduma ninayoieleza hapa ni ya namna nyingine. Ni kikundi cha wanawake wa makamo kinachokutana Tudor, katika ukumbi wa kukodi ulio orofa ya pili, Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri kwa mazoezi, na Jumamosi asubuhi kwa kupima uzito na kuzungumza. Hakina jina lililoandikwa mlangoni. Wenyewe hukiita mazoezi ya kina mama, na vijana wa tuktuk wa hapo karibu wanakijua hivyo hivyo. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na shilingi 500 za kuingilia, ambazo humpatia mtu daftari na utepe wa kupimia, wa aina ile anayotumia fundi cherehani.

Nimekaa humo kiasi cha kupitiwa na Ramadhani moja na msimu mzima wa arusi, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vipimo viwili halisi vya huduma yoyote ya kupunguza uzito katika mji huu.

Sharti la kujiunga ni kuwa na umri wa miaka 45 au zaidi, na sharti hilo lina maana. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta ambayo zamani yalikaa nyongani na mapajani huanza kuhamia tumboni, na wakati huo huo misuli hupungua kwa sababu ya umri, hata mwili ukiwa umepumzika ukawa unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba sahani yake haijabadilika tangu alipokuwa na miaka thelathini, na akawa anasema kweli, huku madera yake yanambana. Mwalimu, ambaye ana mafunzo ya tiba ya viungo, hupanga kazi yake kwa kuyazingatia hayo. Hatukimbizwi wala haturushwi. Nusu ya saa nzima hutumika kwa kujenga misuli: kuinuka kitini bila kushika kitu, polepole, na kukaa polepole zaidi, kuegemea ukuta na kujisukuma kwa mikono, kuinua chupa mbili za nusu lita zilizojazwa mchanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za mazoezi ya misuli. Vipindi viwili vya saa moja, ukiongeza matembezi ya Jumapili alfajiri kwa wanaoyataka, huivuka hesabu hiyo bila mtu kuchoka hadi kuchukia.

Matembezi hayo hufanyika Mama Ngina, upande wa bahari, kuanzia karibu na kivuko cha Likoni na kupita chini ya mibuyu mikubwa. Tangu mahali hapo palipokarabatiwa mwaka 2019, njia ya miguu ni pana na tambarare, na kwa mwenye magoti mabovu tofauti na vijia vya mitaani ni kubwa mno. Huanza mara tu baada ya swala ya alfajiri, na wanaokwenda kanisani hupata wasaa wa kurudi nyumbani kuoga. Nadhani saa hiyo ilichaguliwa kwa hekima nyingine pia, kwani wauzaji wa muhogo wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili yao, huwa bado hawajawasha majiko.

Upimaji wa Jumamosi umepangwa kwa heshima. Mizani iko nyuma ya pazia, na anayeisoma ni muuguzi mstaafu, mwanachama kama sisi, ambaye huandika tarakimu daftarini mwako bila kuitamka. Hupima presha kwanza, kisha uzito, kisha kiuno, na yeye hukipa kiuno uzito kuliko mizani. Hueleza kwamba kwa mwanamke hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kikizidi 88. Vilevile hukataza pupa: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi ya juu anayoikubali, na anayepungua kwa haraka kuliko hiyo huulizwa anakula nini. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo nne tu, yaani asilimia 5 ya uzito wake, mara nyingi presha na sukari huanza kumpa nafuu. Maneno hayo nimeyaona yakiwatuliza wanawake waliokuja wakitaka kurudia kiuno cha siku ya arusi yao.

Lakini upimaji huo huo una jambo moja nisilolikubali, nalo ni faini. Aliyeongezeka uzito hulipa shilingi 50, na fedha hizo hununulia maji ya kunywa. Viongozi husema ni utani, na kwamba chama chochote cha wanawake kina faini zake. Ukweli ni kwamba mtu aliyekula arusi tatu mfululizo huona ni heri abaki nyumbani Jumamosi hiyo kuliko kutoa hamsini mbele ya wenzake, na hiyo ndiyo Jumamosi anayowahitaji zaidi. Muuguzi akificha tarakimu nyuma ya pazia, kisha kikapu cha faini kikapitishwa mbele yake, siri imebaki wapi?

Baada ya mizani hukaa duara kwenye mikeka na viti, kila mtu na goti lake, na mazungumzo huenda saa moja na zaidi. Kama kuna kitu kinachostahili shilingi 2,000, ni hiki. Hakuna mhadhara. Mtu hutaja kilichomshinda wiki hiyo, na waliokwisha kupambana nacho humjibu. Wanachama ni Waswahili wa Mji wa Kale, Wagiriama, Wataita, Waluo, Wakikuyu waliozaliwa hapa hapa, na wake wa wachungaji wawili, na mshangao wangu wa kwanza ulikuwa jinsi shida zao zinavyofanana. Karibu wote wanalea wajukuu, na karibu wote wamekuwa wakila makombo ya wajukuu hao kwa kuwa hawakulelewa kutupa chakula. Ni robo ya chapati hapa, kipande cha mandazi pale, na hakuna anayeihesabu kuwa amekula. Ushauri uliotolewa ulikuwa mwepesi: mtoto apakuliwe nusu ya anayopakuliwa sasa, na akitaka aombe tena.

Suala la tui lilichukua Jumamosi nzima, na halikuwa dogo. Mwanachama mmoja alilalamika kwamba kila akijaribu kupunguza nazi, mumewe husukuma sahani. Mwenzake, mama mnene kidogo mwenye sauti ya kuamrisha, alimjibu: "Shoga, mzee wako usimguse. Pika mchuzi kwa tui la pili mpaka samaki aive, toa wako uweke kando, ndipo umtilie yeye tui la kwanza." Ushauri huo hautaki sufuria ya pili wala ugomvi, na hautoki kwa mtu asiyewahi kukalia mbuzi. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa mafuta. Badala ya kuambiwa tuyaache, tuliambiwa tuyapime kwa kijiko kikubwa, ambacho kikijaa hubeba kalori 120 hivi, kisha tuangalie wenyewe vijiko vingapi huingia sufuriani pale tunapomimina kutoka chupani kwa kukadiria.

Kuhusu arusi, nililolisikia huko sijalisikia kwa mtaalamu yeyote. Anayekula kwenye sinia na wenzake wanne hawezi kusema hali pilau bila kumtia mwenyeji doa. Mmoja wa wazee wetu akasema: "Mwenyeji haliangalii tumbo lako, anauangalia mkono wako. Mkono ukienda siniani pamoja na wengine, hata ukirudi na punje, ameridhika." Akaongeza kwamba mtu aanze na kachumbari, akae karibu na mwanachama mwenzake kama yupo, na awe wa kwanza kuwapa watoto nyama zilizo mbele yake. Nimeyatumia hayo yote, na hakuna aliyeniuliza kama naumwa.

Kila mwanachama hupewa mwenzi mmoja, wa kutumiana naye ujumbe wa sauti jioni na kutembeleana anapokosekana. Mwenzi wangu huniuliza kama nimelala vizuri kabla hajaniuliza nilichokula, kwa sababu joto la usiku la umri huu hukatiza usingizi, na aliyekesha huamkia mahamri matatu na chai ya sukari tele. Wazo la wanawake kusaidiana hivi si geni duniani. Mwaka 1961 mama wa nyumbani wa Queens, New York, aitwaye Jean Nidetch, alianza kuwaita rafiki zake nyumbani kwake wazungumzie ulaji wao, na mwaka 1963 mikutano hiyo ikazaa Weight Watchers, kampuni ya kuuza mipango ya kupunguza uzito. Duara la Tudor liko karibu na ile sebule ya mwanzo kuliko kampuni iliyofuata, na ningependa libaki hivyo.

Nasema hivyo kwa sababu dalili za kuhama zipo. Kila mwanachama hukabidhiwa karatasi ya chakula iliyochapishwa, na ni dhahiri kwamba haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Pwani. Inataka uji wa shayiri asubuhi, tufaha saa nne, brokoli na samaki wa samoni jioni. Vitu hivyo vipo madukani, kwa bei ya mwenye mshahara mnono, na wengi wetu ni wastaafu au wauzaji wadogo. Mwenye kikapu chake akienda Marikiti au Kongowea atarudi na mchicha, matembele, bamia, kunde na changu wa leo, naye hatakosa chochote ambacho karatasi ile ingempa. Mbaazi haimo kabisa, ilhali ni chakula chenye protini na nyuzi kinachopikwa karibu kila nyumba. Kinachotakiwa ni kupunguziwa tui na kuliwa na hamri moja. Ramadhani ilipofika, karatasi ilibaki kabatini yenyewe. Mazoezi yalihamishwa baada ya tarawehe, na duara likaamua kwamba futari iwe na tende, maji, supu na kitu kimoja tu cha kukaangwa, mtu achague kati ya sambusa, bajia na kaimati. Huo ndio mwongozo uliopaswa kuchapishwa.

Dalili ya pili ni makopo ya unga. Yamepangwa mezani karibu na mlango, na mmoja wa viongozi huyauza kwa ajili ya kuchanganywa na maziwa badala ya chakula cha usiku. Hakuna anayelazimishwa. Hata hivyo, mwanamke mgeni aliyetoka kwenye mizani akiwa na huzuni, akikutana na kopo kabla hajakutana na duara, ni rahisi kununua, na kopo moja linazidi ada ya mwezi.

Kasoro kubwa kuliko zote imo kwenye fomu ya kujiunga. Inauliza umri, simu na mtu wa kuarifiwa, lakini haiulizi dawa. Wanachama kadhaa wana kisukari, na anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiruka mlo au akipunguza wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka hadi akazirai. Muuguzi wetu huuliza kwa mdomo anapokumbuka, na ameshawarudisha watu kwa daktari kabla ya kuwaruhusu kuanza. Usalama wa watu hauwezi kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja anayejitolea. Ngazi nazo ni ndefu, hazina mkono upande mmoja, na lifti haipo, jambo la ajabu kwa ukumbi ambao nusu ya wageni wake wanaumwa magoti.

Kwa upande wangu, kiuno kimepungua kuliko uzito, ngazi za nyumbani nazipanda bila kusimama katikati, na daktari hajaniongezea dawa ya presha. Wapo waliopungua zaidi, na wapo ambao mizani haijasogea lakini hawajaacha kuja. Simshauri ajiunge mtu anayetaka matokeo kabla ya arusi ya mwezi ujao, wala asiyependa mambo yake ya jikoni yajulikane, maana pale hata kiasi cha sukari ya chai yako kitajulikana.

Uandikishaji ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi. Mwenye shida ya ngazi apige simu mapema, kwa kuwa mwalimu hukubali kumfanyia mazoezi ya kiti uani, chini. Njoo na raba zenye soli nene, chupa mbili za nusu lita, na orodha ya dawa zako zote umkabidhi muuguzi mkononi kabla hujajaza fomu.