Dari ya Mabati ya Nakshi: Tathmini Baada ya Kuifunga Sebuleni

Neno bati likitajwa, wengi huwaza paa na kishindo cha mvua, na hata mimi nilisita kabla ya kuagiza mabati ya nakshi kwa ajili ya dari ya sebule yetu. Sasa imepita miezi minane tangu kazi ikamilike, na ninaweza kusema bila kusitasita kwamba bidhaa hii ni nzuri, ila uzuri wake hutegemea zaidi mbao zilizojificha nyuma yake kuliko nakshi yenyewe.

Niliyonunua ni mabati ya chuma chembamba yasiyopakwa rangi, kila moja likiwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, yaliyogandamizwa kwa mashine hadi yakatoa maua ndani ya miraba ya sentimita 30. Nakshi imekolea hata kwenye pembe, mahali ambapo bidhaa hafifu huonekana kama imefutika. Dari za namna hii zilienea sana Marekani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu zilimpa mtu wa kipato cha kawaida mapambo yaliyofanana na plasta ya kuchongwa kwa mkono, tena kwa kitu chepesi kisichoshika moto kwa urahisi. Ukiitazama dari yetu ukiwa umesimama chini, huwezi kujua kwa haraka kama ni plasta au ni chuma.

Kazi iliyotuchosha ni ya mapapi, yaani mbao nyembamba za kupigilia mabati. Mabati haya hayafungwi moja kwa moja kwenye boriti. Hupigiliwa kwenye papi zilizopangwa kila baada ya sentimita 30, ili kila msumari uangukie kwenye kitufe kidogo kilichomo katika nakshi na usionekane. Boriti zetu hazikuwa sawa, na tofauti ya milimita chache ambayo jipsam ingeificha, bati huitangaza, kwa kuwa mwanga wa dirishani ukilipiga kwa ubavu kila bonde huonekana kama wimbi. Tulitumia siku mbili nzima kupima kwa uzi na pima maji, tukiweka vipande vyembamba vya mbao chini ya papi zilizozama, na sijutii hata saa moja ya siku hizo.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Kijikaratasi cha maelekezo kilichokuja na mzigo kilionyesha bati la kwanza likiwa kwenye kona, na kama tungelifuata hilo, chumba chetu chenye upana wa mita 3.2 kingepata mabati matano mazima na ukanda mwembamba wa sentimita 20 upande mmoja tu, kasoro ambayo jicho lingeirudia kila siku. Tulipiga mistari miwili ya chaki iliyokutana katikati ya dari, tukaanzia hapo, na pande zote mbili zikabaki na sentimita 40. Ninaona ni kosa kubwa kwa muuzaji kuliacha jambo hili, kwa sababu mnunuzi asiye na uzoefu huamini kile alichochorewa.

Kwenye maungio, bati lililo karibu na mlango ndilo linalopaswa kufunika ukingo wa lile lililo mbali nao, ili anayeingia asione mstari wa ukingo. Kwa hiyo hatukukaza misumari ya pembeni mpaka mabati jirani yalipokaa mahali pake. Baada ya hapo tuligongagonga maungio taratibu hadi yakabana.

Glovu nene ni za lazima. Ukingo uliokatwa kwa mkasi wa bati hukata ngozi kama wembe, na fundi aliyenisaidia alichanika kiganja kwa kuzivua dakika moja tu ili ashike msumari mdogo.

Chuma kisichopakwa rangi huja na mafuta ya kiwandani, nayo lazima yafutwe kwa kiyeyushi cha rangi kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi. Tulipaka praima ya mafuta, kwa kuwa rangi ya maji ikigusa chuma kitupu huanzisha kutu papo hapo. Kingo zilizokatwa nazo zinahitaji kupakwa, hata zile zitakazofichwa na mkanda wa pembeni, maana unyevu huanzia huko. Mabati mawili tuliyoyashika kwa mikono mitupu yalionyesha alama za vidole zenye kutu baada ya siku chache, ikabidi tuyapige msasa upya.

Kuhusu umeme sikutaka kubahatisha. Kwa kuwa dari yote imekuwa chuma, waya mmoja uliochubuka unaweza kuitia umeme, hivyo fundi umeme alikagua nyaya zote, akaiunganisha dari na waya wa ethi unaopeleka umeme ardhini, na akashusha visanduku vya taa vilingane na kimo kipya.

Ninachokilalamikia hasa ni sauti. Chuma hurudisha mlio badala ya kuumeza, na kwa wiki ya kwanza mazungumzo ya watu wanne yalisikika kama ya watu kumi. Zulia na mapazia mazito vimepunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, lakini nisingeifunga dari hii katika chumba cha mtoto mchanga au cha kusomea. Kwa sebule au ukumbi wa kulia chakula ningeinunua tena, na safari hii ningechagua mabati yaliyokwisha kupakwa rangi kiwandani.