Spika ya kati niliyoinunua mara mbili

Hadi mwaka jana sikuwa na spika ya kati, ile inayokaa chini ya televisheni katikati ya zile mbili za pembeni. Sebuleni kwangu Mamboleo, hapa Kisumu, nilikuwa na spika mbili za chapa ya KEF za mfululizo wa Q, mitumba iliyotoka Uingereza, pamoja na sabwufa, yaani spika ya besi, na risiva, mashine inayozigawia spika sauti, na kila nilipoketi kwenye kochi la katikati niliridhika, kwa sababu sauti inayotoka sawasawa kushoto na kulia husikika kana kwamba inatoka kwenye skrini yenyewe. Aliyeumia ni mama. Kiti chake kiko dirishani, karibu na spika ya kushoto, na kwake kila msemaji alikuwa kushoto, hata yule aliyesimama kulia kabisa mwa picha. Maneno nayo yalimpotea, na kila baada ya dakika mbili tatu aliniuliza, "Huyo amesemaje?"

Katika filamu zenye sauti ya 5.1, yaani njia tano za sauti na moja ya besi, sehemu kubwa ya mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya kati, kwa hiyo nikaona dawa ni kuinunua. Katika duka moja la mjini nilionyeshwa spika ndefu ya kulala, yenye wufa mbili (vipaza vya sauti za chini na za kati) za inchi tano na twita (kipaza cha sauti za juu) katikati yake, kwa shilingi 14,500. Haikuwa ya chapa moja na zangu za pembeni, lakini muuzaji alinihakikishia kwamba spika ni spika, boss. Tuliijaribu nikiwa nimesimama mbele yake pua kwa pua, na kwa kweli ilisikika safi. Nikalipa, nikaipakata kwenye boda hadi nyumbani.

Jioni hiyo tuliifungulia taarifa ya habari ya saa moja. Msomaji sasa alikuwa katikati ya skrini, hilo sikatai. Mama alisikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu sasa ameingia mtungini." Nikadhani ni mazoea tu, mpaka nilipobadilishana naye kiti na kuusikia mtungi wenyewe: sauti imefifia katikati, ina uzito wa chini na ncha za juu, ila nyama ya maneno haipo.

Sababu niliielewa baadaye, na inapimika kwa futi ya rula. Vitovu vya zile wufa mbili vilikuwa na umbali wa sentimita 30 hivi. Anayeketi katikati yuko mbali sawa na zote mbili, kwa hiyo mawimbi yake humfikia pamoja. Anayeketi pembeni, kwa pembe ya digrii 30, yuko karibu na wufa moja kuliko ya pili kwa takriban sentimita 15, na wimbi lenye urefu wa sentimita 30, yaani kama hezi 1,100 (mitetemo 1,100 kwa sekunde), humfikia moja likipanda na jingine likishuka, yakafutana. Mitetemo hiyo imo ndani kabisa ya sauti ya binadamu. Si kwamba spika ilikuwa mbovu. Ilitengenezwa imtazame mtu mmoja, nami nilikuwa nimeijaribu nikiwa mtu huyo huyo mmoja.

Kasoro ya pili ilinisumbua mimi zaidi kuliko mama. Gari likipita kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, lilibadilisha injini katikati ya safari, kwa kuwa spika ya kati ilikuwa na mlio wake na za pembeni zina wao.

Mara ya pili nilisubiri miezi minne hadi nikapata spika ya kati ya KEF ya mfululizo ule ule wa Q, nayo ya mitumba, kwa shilingi 27,000. Kampuni hiyo imekuwa ikitumia tangu 1988 muundo unaoitwa Uni-Q, ambapo twita huwekwa katikati ya koni yenyewe, ile sehemu ya kipaza inayotikisika, hivyo sauti za juu na za kati hutoka mahali pamoja na kusambaa kwa namna inayokaribiana hata kwa aliye pembeni. Asiyepata muundo huo anaweza kutafuta spika ya njia tatu, ambayo twita yake imekaa juu ya koni ndogo ya sauti za kati, wufa zikiachiwa kazi ya chini tu. Safari hii sikusimama mbele yake. Nilimwomba muuzaji kiti, nikakisogeza pembeni kadiri duka lilivyoruhusu, nikafumba macho na kusikiliza mtu akizungumza, wala si muziki. Wateja wengine walinitazama kwa huruma.

Nyumbani niliivuta hadi ukingoni mwa kabati la televisheni, maana ikirudi ndani sauti hugonga ubao na kuvurugika, kisha nikaiinua mbele kwa vipande viwili vya lapa lililokatika ili ielekee masikioni na si magotini. Risiva ilipojipima kwa maikrofoni yake iliiandika kuwa spika kubwa, yaani inayoweza kubeba besi yote. Niliibadilisha kuwa ndogo na kuikata kwenye hezi 80, besi iliyo chini ya hapo ikahamia kwenye sabwufa. Mwishowe nikaipandisha desibeli mbili kwa ajili ya mama.

Kero zipo. Ni nzito, imeziba kihisio cha rimoti mpaka televisheni ikahitaji kuinuliwa, na mvua ya Aprili ikianza kupiga mabati yetu haina ubavu wowote. Lakini siku za ukavu mama haulizi tena, na gari hupita na injini moja.

Ile ya kwanza nilimuuzia kwa shilingi 9,000 kijana wa Kondele anayeishi peke yake katika chumba chenye kiti kimoja. Ananiambia inamfaa sana.