Kabla Hujabadilisha Grili na Bampa: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Bampa la kwanza nililonunua kwa ajili ya sura lilikuwa zuri kweli: mdomo mpana, mashavu yamechongwa, watu wanageuka kulitazama. Wiki ya pili nikapanda mlima na abiria wanne, AC imewashwa. Ilianza AC kupuliza hewa ya uvuguvugu, kisha mshale wa joto ukanyanyuka. Nikasimama, nikafungua boneti, nikatafuta kosa. Rejeta haikuvuja, feni ilizunguka, maji yalikuwepo. Jibu lilionekana siku tuliyolifungua bampa. Lile la zamani lilikuwa na plastiki mbili za kusimama, moja kila upande, za kuuongoza upepo kutoka mdomoni hadi kwenye rejeta. Jipya halikuwa nazo. Kati ya mdomo na rejeta palikuwa na uwazi wa kupitisha kiganja, na upepo wote ulioingia kwa mbwembwe ulikuwa unatokea pembeni.

Rejeta ni kizuizi. Hewa ikipewa njia mbili, moja ya kupenya kwenye mapezi membamba na nyingine ya kuzunguka pembeni, itazunguka. Kwa hiyo ukubwa wa mdomo peke yake haukuambii kitu, na orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ukishakifunga kitu hiki, ni hewa kiasi gani itapita ndani ya rejeta, gari likiwa mwendoni na likiwa limekwama kwenye foleni? Sura nimeizingatia pia, maana hakuna anayebadilisha grili kwa sababu ya fizikia.

Nafasi ya 1: vitu ambavyo hakuna atakayeviona

Sponji za kuziba nyufa kandokando ya rejeta, plastiki za kuongoza upepo, kava ya feni, na kava ya chini ya injini. Najua hukuja hapa kununua sponji. Lakini hivi ndivyo vinavyokupa uhuru wa kuchezea sura, kwa sababu mdomo mdogo uliozibwa vizuri nyuma yake hupoza kuliko mdomo mkubwa unaovuja.

Kava ya chini ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ikipasuka, watu huing'oa na kuitupa, wakidhani injini sasa itapumua. Kumbe gari likikimbia, kava hiyo huzuia upepo wa chini usipande kuujaza uvungu wa injini. Uvungu ukijaa hewa, ile ya mbele haina pa kwenda hata ikifika kwenye rejeta. Kava ya feni nayo ina kazi yake kwenye foleni: bila hiyo, feni huvuta hewa kwenye duara lake tu, na pembe za rejeta hubaki bila kazi.

Nafasi ya 2: grili ya kiwandani kutoka toleo la juu la gari lako

Gari moja mara nyingi hutoka na sura mbili au tatu, na toleo lenye injini kubwa au turbo huwa na matundu zaidi. Grili yake inakaa bila kukata kitu, na kiwanda kilishaipima. Hakikisha tu ni ya kizazi kilekile, kabla au baada ya mabadiliko ya sura, maana sentimita moja ya tofauti kwenye taa inatosha kukuharibia siku.

Angalia na mgongo wake. Baadhi ya magari ya kisasa yana vibao nyuma ya grili vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe kwa mota ndogo. Ukiviondoa, taa ya hitilafu inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Na kama gari lako lina rada ya mbele nyuma ya nembo au grili, usiifunike kwa nembo nene wala rangi yenye chembe za chuma. Rada haijali uzuri.

Nafasi ya 3: wavu, ila upime kwa rula

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu nyavu zote dukani zinafanana ukiwa hatua tatu mbali. Chukua rula. Pima tundu, pima na unene wa waya. Tuseme tundu la mraba lina milimita 6 na waya una milimita 2. Kila tundu na waya wake vinachukua milimita 8, kwa hiyo uwazi ni 6 gawanya kwa 8, jibu ulizidishe lenyewe kwa lenyewe: asilimia 56. Karibu nusu ya mdomo umeshaifunga kwa mkono wako. Sasa chukua wenye tundu la milimita 12 na waya wa milimita 1.5: uwazi ni asilimia 79. Ukipakwa rangi nyeusi, mtu aliyesimama mbele ya gari haoni tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Rejeta inaiona.

Bati lililotobolewa ndilo baya kuliko yote katika ukoo huu. Matundu ya duara ya milimita 5, umbali wa milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu, hata yakipangwa kwa kupishana kama sega la nyuki, yanakuachia asilimia 35 tu. Linapendeza, linang'aa, nalo ni ukuta. Kama huwezi kuliacha, liweke kwenye mashavu ya pembeni ambako nyuma hakuna kitu.

Wavu mpana una adhabu yake: utapitisha kokoto, na kokoto hukutana kwanza na kondensa, rejeta ya AC inayokaa mbele ya ile ya injini. Mimi naikubali adhabu hiyo, lakini anayeshinda barabara za changarawe ana haki ya kukaa katikati, matundu ya milimita 8 hadi 10 na waya mwembamba.

Nafasi ya 4: bampa zima

Nimeshasimulia langu. Kabla hujalipa, ligeuze. Muuzaji atakuonyesha uso, wewe tazama mgongo: kuna sehemu za kufungia plastiki za kuongoza upepo? Kisha tazama mdomo uko wapi. Hewa hugandamana zaidi katikati ya pua ya gari. Kwenye kona za bampa inakimbia kuzunguka, na msukumo wake ni mdogo. Bampa lenye mashavu makubwa na katikati iliyofungwa limegeuza mambo juu chini. Mengine yana "matundu" ambayo ukiyagusa ni plastiki nyeusi iliyochorwa mistari. Gusa kila tundu.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni kibao cha namba. Kibao kirefu cha kawaida cha Ulaya kina milimita 520 kwa 110. Mdomo wa chini wenye sentimita 80 kwa 20 ukikiwekea katikati, umeuziba zaidi ya theluthi moja. Kipandishe kwenye sehemu ngumu ya bampa, mahali sheria inaporuhusu.

Nafasi ya 5: intakula kubwa ya mbele

Intakula hupoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Kwa gari la turbo linaloihitaji, sawa. Kwa anayetaka tu ile alumini ionekane kwenye mdomo, fikiri tena. Hewa itapita kwanza kwenye intakula, kisha kondensa, na itaifikia rejeta ikiwa imeshachoka na ina joto. Ukiinunua, nenda na nafasi ya 1 palepale.

Nafasi ya 6: ngao na taa za ziada

Ngao ya mabomba haizuii hewa nyingi, ila ni hatari kwa anayetembea kwa miguu, na inaweza kuvuruga namna gari lilivyopangwa kujikunja kwenye ajali. Umoja wa Ulaya uliziwekea kanuni tangu 2005. Taa nene mbili katikati ya grili zinaweka kivuli cha upepo mahali pale hasa rejeta inapoutegemea. Ziteremshe au uzisogeze pembeni.

Nafasi ya 7: pua iliyofungwa kabisa

Tesla ilipoiondoa pua nyeusi ya Model S mwaka 2016, mtindo wa uso laini ulisambaa. Ila lile ni gari la umeme, joto lake la kuondoa ni dogo sana likilinganishwa na la injini ya petroli, na hata hivyo lina mdomo chini. Kuifunga grili ya gari la petroli ili lifanane nalo ni kununua gasketi ya silinda hedi, ile inayoungua injini ikichemka, kwa awamu.

Na wale wanaoinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba: ukiwa umesimama joto hutoka kweli, lakini ukikimbia, chini ya kioo cha mbele hewa imegandamana, na inaweza kuingia badala ya kutoka. Tundu la boneti likikaa mbele, karibu na rejeta, hilo linafanya kazi.

Ukishafunga chochote, usiuamini mshale. Kwenye magari mengi umetulizwa makusudi, unakaa katikati joto likiwa nyuzi 85 na likiwa nyuzi 100. Chomeka kisomea cha OBD, kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kisha soma joto la maji kwenye mlima uleule na foleni ileile, kabla na baada. Mimi nilikata plastiki ya beseni, nikaifunga kwa riveti kila upande, nikajaza sponji kwenye nyufa. Bampa lile zuri bado liko kwenye gari, na AC inagandisha.